Maji ya Ijumaa

Mwanamisi alikuwa ameshapiga makofi mara tatu kabla hajaelewa anapigia nini. La nne halikutoka. Viganja vilibaki vimetengana mbele ya kifua chake kama vya mtu anayeonyesha ukubwa wa kabichi, na waliokaa karibu wakadhani anaona haya kwa kusifiwa mbele za watu.

Ilikuwa Jumanne, Februari ya mwaka tisini na sita. Wajumbe wa serikali ya kijiji cha Kwemkuyu walikuwa wamebanana kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti juu, na ubaoni injinia Justin wa kampuni ya chai alikuwa amebandika ramani yake. Mto Kinyasi ulichorwa kwa buluu. Mifereji mitatu ya kijiji ilichorwa kwa kijani, na bomba la maji ya kuzungusha mtambo wa umeme kwa nyekundu. Mstari mwekundu uliuacha mto juu kabisa, kabla ya banio la kwanza, pale mfereji unapochota maji mtoni, ukapita ubavuni mwa mlima juu ya bustani zote, ukashuka kwa kishindo hadi kwenye nyumba ya mtambo, chini ya daraja, chini ya jabali.

"Hofu yenu ilikuwa maji," Justin alikuwa amesema. Alikuwa kijana wa watu, mpole, kwao Tukuyu, na kiatu chake kilikuwa hakijazoea udongo wetu mwekundu. "Nawaelewa. Ndiyo maana kampuni haikuja na maneno, imekuja na vipimo. Miaka miwili dada yetu huyu amepima kina cha mto pale darajani, chini ya mabanio yenu yote matatu. Maana yake ni nini? Alichopima ni maji yanayobaki baada ya ninyi kumwagilia. Na hata katikati ya kiangazi yanabaki sentimita arobaini! Yanashuka bure hadi nyikani. Sisi tutachukua hayo yanayobaki. Ya kwenu hatuyagusi."

Hapo ndipo makofi yalipopigwa, na hapo ndipo la nne lilipomshinda Mwanamisi.

Kwa sababu yeye alipima Ijumaa. Kila Ijumaa, saa nne asubuhi, miaka miwili bila kukosa. Na Kwemkuyu, Ijumaa jembe halishiki udongo. Alhamisi jua likielekea kuzama, mgawa maji hupita banio moja baada ya jingine, akaziba kwa magunia ya mchanga na majani ya migomba, na mto wote hushuka kwa njia yake mpaka Jumamosi alfajiri. Hata Walutheri wa kitongoji cha juu, ambao Ijumaa kwao ni siku kama nyingine, huifuata desturi hiyo, maana mfereji ni wa wote. Wanaume huenda msikitini. Wanawake hushuka darajani na marundo ya nguo, kwa kuwa siku hiyo maji ni mengi na safi. Mwanamisi naye alikuwa akishuka na beseni lake, anaanika kanga juu ya mawe, anafuta mikono, anausoma ule ubao mweupe wenye mistari myekundu uliopigiliwa kwenye nguzo ya daraja, anaandika daftarini tarehe na kina. Fomu ilisema mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Alishika hilo kama sala. Hata Ijumaa waliyomzika mama mkwe wake alipima kwanza.

Kwa hiyo zile sentimita arobaini hazikuwa maji yaliyobaki. Zilikuwa mto mzima.

"Mama Asha, mbona umenyamaza?" mwenyekiti Tobia alimwita kutoka mbele, meno yote nje. "Simama watu wakuone! Kumbe ndiyo wewe unayetuletea umeme!"

Mwanamisi alisimama, akaketi, akasimama tena. Alisema ana sufuria jikoni. Hakuwa na sufuria jikoni.

*

Jumatano asubuhi alijikuta darajani. Hakuwa amepanga. Alikuwa ametoka kwenda kupalilia karoti, miguu ikakata kona yenyewe. Zamani hizo daraja la Kinyasi lilikuwa la magogo, na ukisimama katikati unasikia mto kabla ya kuuona. Siku hiyo hakusikia kitu. Maji yalikuwa yakijipenyeza kati ya mawe taratibu, na nguzo ya daraja ilikuwa imevaa kamba ya ukoka mkavu mahali maji ya Ijumaa iliyopita yalipofika.

Aliteremka, akachuchumaa mbele ya ubao. Kumi na moja.

Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasoma tena. Kumi na moja, na hiyo ni kwa kuuhurumia.

"Wifi! Leo Ijumaa?"

Alikuwa Zuhura, dada wa mumewe, amejitwika tenga la hoho za kupeleka barabarani, ambako malori ya Dar es Salaam hupakia. Tangu biashara iachiwe kila mtu, malori yalikuwa yakija hata mara tatu kwa wiki, na Zuhura alikuwa amejifunza kutembea akiwa amechelewa.

"Si Ijumaa," Mwanamisi alisema.

"Basi unasoma nini? Ubao umekuita?"

Mwanamisi akamweleza. Alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kishambaa, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa zito mno kwa lugha ya mikutano. Zuhura alisikiliza huku tenga likiwa kichwani, shingo imenyooka.

"Lakini wifi, nani asiyejua kwamba Ijumaa mabanio yanafungwa?"

"Wao."

"Wangeuliza."

"Wangeulizaje jambo wasilojua lipo?"

Zuhura akatafakari. "Basi ungewaambia."

"Nami niliwaza kuwaambia? Ingekuwa kama kuwaambia kwamba usiku kuna giza." Mwanamisi aliokota kijiwe, akakitupa majini, hakikupata maji ya kutosha hata ya kuzama. "Wakichukua maji linayotaka bomba lao, ifikapo Januari mifereji itabaki njia ya mijusi. Bustani yangu, yako, za wote mpaka kule kwa kina Yohane."

"Na ukisema, umeme unaondoka."

"Labda."

"Hamna cha labda. Wataenda bonde jingine. Yako mengi." Zuhura alirekebisha tenga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini sasa yalimtoka moja moja. "Mimi nilijifungua zahanati pale, wifi, nesi ameshika tochi kwa meno. Betri ikafa. Sikwambii nyamaza. Sikwambii sema. Nakwambia tu kwamba lori linanisubiri."

Akaondoka haraka, na hatua kumi mbele akageuka. "Na usimwambie kaka akiwa na njaa!"

*

Issa hakuwa na njaa, lakini haikusaidia. Alikuwa juu ya kigoda katikati ya sebule, anakaza kishikio cha taa kwenye boriti. Waya hakukuwa na hata wa kuonyesha. Kampuni ilikuwa imesema kiwanda cha chai, kile walichokinunua serikalini na ambacho mgawo wa umeme ulikuwa ukikichachishia majani kila wiki, kitapewa umeme kwanza, halafu zahanati, halafu mashine ya kusaga, halafu nyumba zilizo karibu na nguzo. Issa alikuwa ameshahesabu nguzo kwa macho. Alikuwa ameshanunua balbu mjini Lushoto, akaileta nyumbani imefungwa kwenye sweta kama yai.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kushuka kigodani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Aliyekuajiri alikwambia upime siku gani?"

"Yoyote, ilimradi ileile."

"Ulipima ileile?"

"Ileile."

"Uliongeza hata sentimita moja?"

"Issa, wewe unanijua."

"Basi kosa si lako. La nani, silijui. La karatasi yao." Alizungusha balbu, ikaingia. Ikaning'inia pale juu safi kabisa, na ndani yake ikaonekana sebule nzima imejikunja, na wao wawili wadogo kama punje za maharage. "Sasa sema kesho kwenye mkutano wa kusaini uone. Hawatasema karatasi ilikosea. Watasema mke wa Issa kaizima taa kabla haijawaka."

"Na nisiposema?"

Issa alishuka. Alitazama balbu, si mkewe. "Injinia ni msomi. Ataona mwenyewe."

"Ataona lini? Bomba likishafukiwa?"

Issa alirudisha kigoda ukutani. Mwanamisi alichukua ufagio, akafagia mahali palipokuwa pamefagiliwa, akauweka, akatoka. Jikoni akafunua chungu, akafunika. Akaenda kwa mbuzi, akawahesabu: watatu, kama jana. Alikuwa mtu wa kukaa na kazi moja mpaka iishe, na siku hiyo hakuna kazi iliyokubali kukaa naye.

Alasiri alipanda kwa mzee Saidi, mgawa maji. Huyu mzee ndiye peke yake aliyekuwa amepinga bomba tangu mwanzo, na kwa sababu alipinga kila kitu, pamoja na redio na mbegu mpya za viazi, hakuna aliyemsikiliza. Alimkuta anashona gunia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunipima na mimi?"

Akamweleza kama alivyowaeleza wengine. Sindano ilisimama katikati ya gunia. Mzee alimwangalia, na Mwanamisi akajiandaa kwa maneno makali. Badala yake mzee akaanza kucheka, kicheko kikavu kisicho na furaha, mabega yanapanda na kushuka.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili mimi nafunga banio Alhamisi, na Ijumaa nikienda msikitini nakuona pale chini na kitabu chako. Nakupungia na mkono! Nilikaa nikijiuliza, hawa watu maji mengi hivi wanayatoa wapi? Nikasema labda ni hesabu za kisasa." Akafuta macho. "Kumbe ni mimi niliyekuwa nayatoa."

"Nifanyeje, baba?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nikisema hili, watasema mzee Saidi ameanza tena." Akarudi kwenye gunia lake. "Lakini kuna kitu sijakielewa kwenye lile bomba, siku zote. Mtambo unayanywa maji?"

"Hapana. Yanapita tu, yanazungusha, yanatoka."

"Yanatoka yote?"

"Yote."

"Hm," alisema mzee Saidi, akavuta uzi.

*

Alhamisi mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa saa nane mchana. Saa sita Mwanamisi alikuwa ameshasimama darajani, daftari limefungwa ndani ya kanga. Kila gari lililopita Kwemkuyu lilivuka hapo, na injinia alikuwa akilala Irente, kwa hiyo lazima apite. Alisimama, akakaa juu ya gogo, akasimama. Alirudiarudia maneno ya kumwambia mpaka yakachakaa.

Landrova ilipotokea alinyoosha mkono. Ilisimama na Justin akatoa kichwa dirishani akitabasamu.

"Dada! Twende, panda, kuna nafasi."

"Shuka kidogo, injinia. Nataka usome."

Alishuka. Kwenye mteremko aliteleza, akashika majani, akacheka. Alipofika mbele ya ubao kicheko kiliisha. Aliinama. Aliugusa ubao kuona kama umelegea. Aliangalia mto juu, akaangalia mto chini.

"Huu ubao umehamishwa?"

"Haujaguswa."

"Sasa hii kumi na moja…"

"Leo Alhamisi. Jumatatu ni hivi, Jumanne ni hivi, jana ilikuwa hivi." Maneno aliyoyakariri yote yalipotea, yakaja mengine. "Ijumaa tu ndiyo arobaini. Ijumaa tunafunga mabanio yote. Mimi napima Ijumaa, injinia. Tarehe zote zilizo kwenye karatasi zako ni Ijumaa."

Justin alitoa kalenda ndogo kwenye pochi, ile yenye mwaka mzima upande wa nyuma, akamwomba daftari. Mwanamisi alimwona anavyopita tarehe kwa kidole: tano Januari, kumi na mbili, kumi na tisa, ishirini na sita. Akaenda Februari. Halafu akakaa juu ya jiwe, na suruali yake nzuri ikalowa maji.

"Mbona hukuniambia?"

"Fomu ilitaka tarehe. Niliandika tarehe."

"Na mimi sikuwahi kuitazama kalenda," alisema taratibu, kama mtu anayejisomea barua ya mtu mwingine. "Kwetu Tukuyu mvua inanyesha mpaka tunaichoka. Hatumwagilii. Sikujua mto unaweza kuwa na siku." Alirudisha kalenda kwenye pochi. "Michoro imeshakwenda Dar es Salaam. Mkurugenzi ameshasaini. Kilichobaki ni saini ya kijiji."

"Ndiyo maana nimekusimamisha."

"Ukisimama leo ukasema haya, dada, watalitupa daftari lako lote. Na mimi pamoja nalo, labda."

Mwanamisi alilichukua daftari mkononi mwake. Lilikuwa na doa la sabuni kwenye jalada. "Lisitupwe," alisema. "Ijumaa zangu ni za kweli. Mlizisoma kana kwamba ni siku zote za wiki, basi."

Dereva alipiga honi. Justin alisimama, akapanda mteremko, akaingia garini bila kumwambia tena apande. Mwanamisi alibaki hapo vumbi likimwangukia, hajui kama amepata mwenzake au amempa mtu muda wa kutafuta maneno ya kumfunika.

*

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Wakulima walikuja na majembe, wengine walikuwa wafanyakazi wa chai kutoka ng'ambo ya mto, watu wa Iringa na Kigoma waliohamia zamani, nao walikuwa na hamu ya umeme kuliko wote maana kiwanda kikianguka nao wanaanguka. Ramani ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya goli.

Tobia alifungua mkutano kwa salamu ndefu, akampa injinia nafasi. Justin alieleza mstari wa buluu. Alieleza wa kijani. Alipofika kwenye vipimo akasita, akapangusa miwani, akasema, "Kuhusu vipimo…" akainua macho, akamtafuta mtu katikati ya watu.

Mwanamisi aliona anavyomtafuta. Hakujua kama anamwomba aseme au anamwomba anyamaze. Mbele yake, hatua tano, aliona kisogo cha Issa, kimekaza.

Akasimama.

"Mwenyekiti, naomba."

"Mama Asha! Karibu, mpimaji wetu! Makofi kwanza!"

"Msipige." Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa kuwa ilikuwa ndogo watu walinyamaza waisikie. "Nimepima kila Ijumaa. Ninyi mnajua Ijumaa mto ukoje. Injinia alikuwa hajui. Zile sentimita arobaini ni maji yote ya Kinyasi, mabanio yamefungwa. Leo ni kumi na moja, amesoma mwenyewe. Bomba likipita hapo lilipochorwa, kiangazi litachukua maji ya mifereji. Si mengine. Ni hayo."

Halafu uwanja ukapasuka.

"Miaka miwili unatudanganya!"

"Hajadanganya, si unamjua?"

"Nani kamlipa? Mzee Saidi kamlipa!"

"Kwa nini siku ya kusaini? Kwa nini si juzi?"

"Kwa sababu juzi ndiyo nimejua wao hawajui!" Mwanamisi alipaza sauti, na hapo ikamtoka kwa Kishambaa, na wanawake wa nyuma wakaguna. "Wewe, nawe, na wewe uliye pale, mnafua na mimi Ijumaa. Nani kati yenu aliwahi kumwambia mgeni kwamba leo mto si wa kila siku? Nani aliona kuna cha kuambia?"

Mwanamume mmoja wa kiwanda alisimama akasema, bila kelele, kwamba yeye ana watoto wanne na hana bustani. Yeye ana kiwanda tu. Na maneno yake yakamchoma Mwanamisi kuliko matusi yote, kwa sababu yalikuwa ya haki.

Tobia alimgeukia injinia. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Injinia, sema tu kwamba si kweli, twende kwenye kura."

Justin alivua miwani. "Ni kweli," alisema. "Nilipaswa kuliona mimi. Sikuliona."

Ndipo mzee Saidi alipoinuka, na watu wakaanza kuzomea kabla hajafungua mdomo. Alisubiri wachoke.

"Mimi sina hotuba," alisema. "Nina swali. Maji yakishazungusha mtambo yanatoka yote?"

"Yote, mzee."

"Sasa kwa nini mtambo mnauweka kule chini? Uwekeni juu. Chukueni maji juu zaidi, upande wa msitu wa Magamba, yateremke, yazungushe hicho chombo chenu, myarudishe mtoni kabla ya banio langu la kwanza. Mimi nitayapokea kama yalivyokuja. Hata sitauliza yalikuwa wapi."

Watu wengine walicheka. Justin hakucheka. Aligeukia ramani, akaweka kidole juu ya banio la kwanza, akakipandisha polepole kwenye mistari ya mwinuko, akakisimamisha.

"Mporomoko wa maji huku ni kama nusu tu ya ule wa chini," alisema. "Umeme utakuwa nusu, au pungufu. Zahanati na mashine ya kusaga, ndiyo. Nyumba chache. Kiwanda, sijui. Na barabara ya kupandisha mabomba huko haipo. Na msitu una wenyewe, kibali chake si cha leo." Alishusha kidole. "Kampuni ilitaka umeme wa kiwanda. Siwezi kuwaahidi kwamba watakubali. Nikiahidi nitakuwa nimewadanganya."

Kura ilipigwa kwa mikono, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wengi waliinua na kushusha. Saini haikutolewa. Kijiji kiliandika kwamba kinakubali umeme, na kwamba maji yarudi mtoni juu ya banio la kwanza. Waliopinga sharti hilo hawakuwa wachache, na walitoka uwanjani wakikokota majembe. Tobia alimpita Mwanamisi bila kumtazama. Kwenye kura Issa alikuwa ameinua mkono upande wa mkewe, mkono wenyewe haukufika juu ya bega, halafu akaondoka peke yake.

Kabla ya kuingia garini, Justin alimpa Mwanamisi daftari jipya. "Vipimo vya Ijumaa pekee havitanisaidia tena," alisema. "Nahitaji kila siku. Asubuhi. Sijui kama kuna atakayevisoma kule. Malipo ya kila siku sijayaomba."

"Nitapima," alisema Mwanamisi.

*

Ijumaa darajani wanawake walimwachia jiwe lake, lakini mazungumzo yalikatika alipofika na kuanza tena kwa sauti ya chini. Ni Zuhura peke yake aliyemkaribia, akamtupia kipande cha sabuni.

"Fua, wifi. Uso wako unatufanya tusahau kuchekana."

Saa nne alifuta mikono, akasoma, akaandika: ishirini na tatu Machi… akafuta, maana mkono ulikuwa umekwenda mbele ya akili. Ilikuwa bado Februari. Thelathini na tisa. Halafu akapiga mstari kwa fimbo iliyonyooka, akaongeza safu ya tatu ambayo fomu haikuwa nayo, na humo akaandika: Ijumaa, mabanio yamefungwa.

Jumamosi aliamka mapema, akajifunga kanga. Sebuleni balbu ilikuwa bado inaning'inia kwenye boriti. Issa hakuwa ameitoa, naye hakuwa ameuliza. Siku mbili walikuwa wamezungumza maneno ya lazima tu: chumvi, mlango, mbuzi.

Alipokuwa anatoka alisikia viatu vya mpira nyuma yake.

"Siku za soko unakwenda Mlola," Issa alisema. "Unaondoka alfajiri. Siku hizo nani atasoma?"

"Sijafikiria."

"Utapata pengo kwenye daftari. Wakiona pengo watasema umeanza tena." Alikuwa anaangalia njia. "Nionyeshe unavyosoma. Unasoma maji yakigusa mstari au yakiupita?"

"Yakigusa."

Waliteremka, yeye mbele, mumewe nyuma. Juu kule mzee Saidi alikuwa ameshafungua mabanio, na mto ulikuwa unaanza kushuka: ukoka wa kwenye nguzo ulikuwa bado unadondosha maji. Issa alichuchumaa mbele ya ubao, akakunja macho.

"Ishirini," alisema. "Hapana. Kumi na tisa. Yanashuka haya."

"Subiri yatulie."

Akasubiri. Hakuwa mtu wa kusubiri. Alibadili mguu, akabadili tena. Mwanamisi alisimama nyuma yake ameshika kalamu, na yeye pia hakutulia, anaangalia mstari mwekundu mmoja ukitoka majini, halafu mwingine.